Usiuseme Vibaya Muziki Ambao Hujausikia

Kuna sentensi moja ambayo kizazi changu kimeirithi bila kuikagua. Utaisikia hostelini, harusini, kwenye daladala inayorudi Mlimani saa mbili usiku: "Muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe, tatizo tu ulirekodiwa vibaya." Husemwa kwa sauti ya huruma, kama mtu anayemsifia marehemu huku akikumbuka madeni aliyoacha. Wenzangu wa shahada ya uzamili, watu wanaoweza kukukatalia aya nzima ya tasnifu kwa kukosa ushahidi, huisema sentensi hii bila ushahidi wowote, na hakuna anayewauliza.

Mimi nawauliza. Ulirekodiwa vibaya kwa kulinganisha na nini? Uliusikia wapi? Kwa chombo gani? Nakala yako ilitoka kwa nani, na huyo aliipata kwa nani?

Hoja yangu ni fupi. Muziki wa dansi wa Tanzania, ule uliorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, haukuharibikia studio. Umeharibikia njiani, na mwisho wa njia hiyo ni sebule zetu. Ukisema ulirekodiwa vibaya, kosa unawatupia wazee ambao wengi hawapo tena kujibu, na jambo limekwisha. Ukisema tumeusikiliza vibaya, bado kuna kazi ya kufanya na kuna watu wa kuulizwa. Ndiyo maana sentensi ile ya kwanza inapendwa. Haimdai mtu chochote.

Hebu tuifuate safari ya wimbo mmoja. Bendi inaingia studio, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Wapigaji wote wanapiga kwa pamoja, mashine inazungusha utepe wa sumaku. Utepe wa aina hiyo, ukizungushwa kwa inchi 7.5 kwa sekunde kwenye mashine iliyotunzwa, hushika sauti hadi karibu kilohezi 15. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi karibu kilohezi 20. Kwa hiyo sehemu kubwa sana ya kilichopigwa imo ndani ya utepe.

Kisha wimbo unarushwa hewani. Kwa mpango unaotumika Afrika, vituo vya masafa ya kati hupewa nafasi ya kilohezi 9 kati ya kimoja na kingine, na redio nyingi za kawaida hupitisha sauti hadi kilohezi 4 au 5 tu. Hapo tayari umepoteza mng'ao wa nyuzi, mchakacho wa sahani za dramu na ncha ya tarumbeta. Tena huo ni mpokeo wa mjini. Kwetu, kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, wazee husimulia kwamba Dar es Salaam ilikuja usiku, ikipanda na kushuka kama mtu anayeongea huku akitembea kwenye upepo, wakati Bujumbura ilisikika kama iko nyuma ya nyumba. Si hadithi ya kutunga. Masafa ya kati husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana, na Burundi ni jirani yetu wa kuvuka tu.

Mtu mmoja anaurekodi wimbo ule kutoka redioni kwa kaseti. Kaseti inaenda kwa fundi wa kurekodi sokoni, anatoa nakala. Nakala inatolewa nakala. Miaka thelathini baadaye mtu anaiingiza kwenye kompyuta na kuibana iwe MP3 ndogo ili nyimbo mia tatu zienee kwenye flashi moja. Mwingine anaipakia mtandaoni, mwingine anaichukua kutoka huko na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wewe unaifungua kwa spika ya simu isiyozidi ukubwa wa shilingi, halafu unatoa hukumu juu ya mafundi wa Radio Tanzania.

Ni sawa na kunywa maji ya Malagarasi kule yanakoingia ziwani, baada ya kupita kila bonde na kila ng'ombe, halafu ukasema chemchemi ilikuwa chafu.

* * *

Sasa nije kwenye adui ambaye yumo ndani ya nyumba zetu. Nazungumzia sabufa.

Najua nitaudhi watu. Sabufa ni heshima. Kijana akimaliza mavuno ya maharage, au akipata mshahara wa kwanza, ananunua godoro, kitanda na sabufa, pengine si kwa mpangilio huo. Sokoni Kibondo unaweza kuzipita kumi zikishindana, kila moja inatingisha bati la jirani yake. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni na chombo kinachojiita cha muziki huku kikifanya kazi ya twanga.

Tuanze na namba. Boksi la sabufa iliyokuwa sebuleni kwetu Kasulu liliandikwa wati 8,000. Nyuma yake kulikuwa na fyuzi ya ampea 1. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Hesabu ya darasani inatosha: volti 230 mara ampea 1 ni wati 230, na huo ndio umeme ambao chombo kizima kingeweza kuvuta kwa muda bila kukata fyuzi, pamoja na unaopotea kwa joto, taa zake za rangi na redio yake. Wati 8,000 zilibaki kwenye boksi.

Namba za uongo ningezisamehe. Nisichosamehe ni kinachofanywa kwa besi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41, na juu yake mpigaji ana ngazi nyingi za kupanda na kushuka. Masanduku mengi ya bei ya chini yametengenezwa yavume kwa nguvu katika eneo dogo tu la sauti nzito, kwa sababu uvumi huo ndio unaomshtua mteja dukani. Matokeo yake, noti tofauti za besi zinatoka zikifanana. Mpigaji anapanda, sabufa inasema bum. Anashuka, bum. Ananyamaza makusudi ili tumba zijibu, nalo sanduku linaendelea kuvuma kwa sababu halijui kunyamaza.

Kwa muziki uliotengenezwa kwa kuzijua sabufa na simu, hasara si kubwa. Prodyuza wa Bongo Fleva anajua kazi yake itasikika wapi, naye anaipanga hivyo. Simlaumu. Lakini katika dansi, besi ni mwimbaji mwingine. Inazungumza na solo, inamsubiri mwimbaji amalize neno, halafu inapita katikati. Ukiigeuza kuwa kishindo umemwondoa mtu mzima kwenye bendi, kisha unalalamika kwamba bendi imepwaya.

* * *

Mwaka jana nilinunua amplifaya ya mtumba Dar es Salaam, ya Kijapani, ya miaka ya 1980, wati 30 kwa kila upande. Muuzaji alitaka laki mbili, akaniachia kwa 150,000. Niliifunga kwa kitenge na blanketi, ikasafiri chini ya miguu yangu hadi Kasulu. Ilipofika upande mmoja ulikuwa bubu. Kwa kuwa wiki iliyofuata nilikuwa nakwenda Kibondo kukusanya data za tasnifu, niliibeba tena kwenye basi hadi kwa mzee mmoja fundi redio karibu na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umenibebea jiwe?"

Aliifungua akaitazama muda mrefu bila kugusa kitu. Akabadilisha kapasita nne, akasafisha kirungu cha sauti, akalehemu waya uliokatika. Kisha akanionyesha transfoma yake, pande la chuma na shaba ambalo peke yake lilikuwa zito kuliko sabufa iliyokuwa imelala mezani kwake ikisubiri matibabu. Uzito wote ule, alieleza, ni akiba: wapigaji wote wakiingia kwa mara moja, amplifaya inakuwa na umeme wa kumpa kila mmoja.

"Sabufa ndizo zinanilisha," alisema, "siwezi kuzitukana. Lakini hii, ukiifungua tu unaona aliyeitengeneza alikuwa na nia ya kuisikiliza yeye mwenyewe."

Alinitoza 25,000. Spika nilikuwa nazo: mbili za mbao ambazo baba alizihifadhi tangu redio yake kubwa ilipokufa, zikawa meza za maua. Umeme nao ulikuwa upande wangu. Hadi miaka michache iliyopita wilaya zetu ziliishi kwa majenereta ya dizeli, umeme wa kuja na kuondoka, unaofifisha taa kila mashine ya kusaga inapowashwa. Gridi ya taifa ilipofika mkoani Kigoma mwaka 2022, watu walisherehekea friji na mashine za kuchomelea. Kwenye orodha hiyo naongeza amplifaya.

Nilianza na Neema wa Mlimani Park, wimbo ninaoujua tangu kabla sijaanza shule. Nilidhani naujua. Magitaa ambayo siku zote nilikuwa nayasikia kama ukuta mmoja wa nyuzi yaliachana. Kulikuwa na watu, kila mmoja na mkono wake: huyu anashika ridhimu bila kuyumba, yule anapita juu kwa solo, na katikati yao yupo wa sekondi solo, anayejaza pale wenzake wanapoacha nafasi. Tumba zilikuwa na ngozi. Ulisikia kiganja kikiwa tofauti na vidole. Waimbaji walivuta pumzi. Waitikiaji walisimama nyuma ya mwimbaji kiongozi, si juu yake. Na pale muziki ulipoingia chemko, sehemu ile ambapo maneno yanapungua na miguu inachukua nafasi, besi iliondoka ilikokuwa imekaa ikaanza kutembea. Hata mvumo wa utepe ulisikika, shhh laini chini ya kila kitu, kama hewa ya chumba walichokaa.

Kisha nikaenda kwa Ndala Kasheba. Kila anayemjua anajua kwamba alipiga gitaa la nyuzi 12. Nyuzi zinakaa mbilimbili, na uzuri wake wote ni ile tofauti ndogo kati ya uzi na pacha wake, inayofanya noti moja iwe na kivuli kinachometameta. Kumetameta huko kunakaa juu kabisa ya sauti, kulekule ambako redio ya masafa ya kati inakata na MP3 iliyobanwa sana inakwangua. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunamsifu Kasheba kwa gitaa ambalo sauti yake halisi hatujawahi kuipata. Tumepewa uzi mmoja mmoja, pacha wake wamebaki njiani.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama mlangoni mpaka Neema, niliyoirudia kwa ajili yake, ilipokwisha. Akauliza: "Huyo wa gitaa la pili ni nani?"

Ameusikia wimbo ule kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilikuwa swali lake la kwanza kuuhusu.

* * *

Pingamizi kubwa nimelipata kwa baba mkubwa, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu lina ukweli ndani yake. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tulisikiliza kwa redio ya mkulima, spika moja, betri tunaanika juani zipate nguvu. Na tulicheza mpaka vumbi likasimama. Muziki ni moyo. Vyombo ni mbwembwe."

Anachosahau ni kwamba ujana wake ulipita Tabora, akiwa kibarua wa reli. Alikwenda dansini. Alisimama hatua chache kutoka Tabora Jazz, besi ikimpita tumboni, jasho la mpiga saksafoni akiliona. Aliporudi Kasulu na kufungua redio yake ya spika moja, redio haikumpa muziki. Ilimkumbusha. Kilichokosekana alikijaza kwa kichwa chake mwenyewe, kama vile mtu anavyosoma barua ya mpenzi na kuisikia sauti yake. Polydor ya Nairobi ilipotoa santuri za Mbaraka Mwinshehe zenye jina Ukumbusho, ilitafuta neno sahihi kuliko ilivyojua. Kwa aliyekuwa ukumbini, sauti yoyote ile, hata iliyopauka, ni ukumbusho na inatosha.

Lakini mama hakuwahi kuingia ukumbi wa dansi hata siku moja. Msichana wa Kiha wa miaka ile, mwenye wadogo wa kubeba na shamba la kupalilia, angeingiaje? Kwake redio ilikuwa yote. Nami nimezaliwa Mbaraka akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini, baada ya ajali ile ya Mombasa ya Januari 1979. Mimi na mama hatuna ukumbi kichwani wa kujazia mapengo. Kisichotoka kwenye spika, kwetu hakipo.

Hapa ndipo ninapokataa kabisa neno "mbwembwe". Usafi wa sauti ni anasa kwa aliyekuwepo. Kwa ambaye hakuwepo, ndio urithi wenyewe. Na wasiokuwepo ni wengi kuliko waliokuwepo: vijana wote, wanawake wengi wa kizazi cha mama, na karibu kila mtu aliyekulia mbali na kumbi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora. Watu hupenda kusema Kigoma ni mwisho wa reli. Sisi wa Kasulu na Kibondo tuko mbele ya mwisho huo, hata reli yenyewe hatuna. Tulikatwa Watanzania kwa kipimo sawa, tukaimba nyimbo zilezile, tukapewa muziki wa taifa ukiwa umebaki robo. Kisha leo tunaambiwa, na watoto wetu wenyewe, kwamba robo ile ndiyo iliyotengenezwa.

Pingamizi la pili ni la pesa. Haya ni mambo ya wenye nazo, wanasema. Amplifaya yangu na matibabu yake ni shilingi 175,000. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwa wanaonikosoa zinazidi hapo, na sabufa za wati elfu nane za kwenye maboksi hazipishani nayo sana. Ninaujua ugonjwa wa pili, wa watu wanaonunua waya kwa bei ya ng'ombe na kusikiliza mashine badala ya wimbo. Siwaalikeni huko. Amplifaya ya mtumba, fundi mzuri na spika za mzee wako zitakufikisha. Kama hata hizo huna, earphone za waya za kawaida, wimbo ulio katika nakala nzuri na chumba tulivu vitakupa zaidi ya sabufa yoyote ya mtaa wako.

* * *

Nimesema "nakala nzuri", na hapo mjadala unatoka sebuleni unakwenda ofisini.

Nakala nzuri nilizopata zilitoka wapi? Za Mlimani Park, Detroit: lebo ya Africassette ilitoa diski ya Sikinde mwaka 1995. Za miaka ya 1960, Paris: Buda Musique iliziweka kwenye juzuu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara mwaka 2007. Remmy Ongala na Super Matimila ninao katika Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, ya Real World ya Uingereza. Nawashukuru wote waliofanya kazi hizo, tena kwa heshima. Lakini kwangu mimi, niliyezaliwa Kasulu, njia ya wazi zaidi ya kumsikia vizuri Hassan Rehani Bitchuka, mtoto wa Kigoma aliyeng'ara NUTA Jazz na Mlimani Park, imepitia Marekani. Mkoa huu huu mwaka 2012 uliimba Leka Dutigite na Kigoma All Stars, na kila mtu anajua kwamba Diamond na Alikiba asili yao ni huku. Tunajua kujivuna. Muulize kijana yeyote sokoni Kasulu Bitchuka alitokea wapi, uone kimya.

Historia inaeleza tulifikaje hapa. Mpaka milango ilipofunguliwa kwa redio binafsi miaka ya 1990, Radio Tanzania ilikuwa peke yake Tanzania Bara. Ndiyo iliyorekodi, ndiyo iliyorusha, ndiyo iliyotunza. Kiwanda cha kuchapa santuri kilichofanya kazi hatukuwa nacho. Santuri zetu zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Bendi ziliendelea kurekodi kwa ajili ya redio, na tepe zikarundikana. Kwa nyimbo nyingi utepe wa Radio Tanzania ndio shina pekee, hakuna jingine. Shina hilo lilirithiwa na Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kisha na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Wapo waliokwisha kupiga kelele. Tanzania Heritage Project walichangisha fedha mtandaoni mwaka 2012 kwa ajili ya tepe hizo. Filamu ya Wahenga ya 2018 ilirudi kwenye jambo hilohilo, ikiwa na John Kitime, mwanamuziki ambaye amebeba kumbukumbu hii mgongoni muda mrefu. Sidai kwamba nimegundua kitu. Nadai kwamba sisi wasomaji wa uzamili, wenye midomo mirefu mitandaoni, tungekuwa tumejiunga na kelele hizo zamani kama tusingekuwa tumeamini kwamba ndani ya maboksi yale hamna ila mikwaruzo. Hiyo ndiyo madhara ya sentensi niliyoanza nayo. Nani atadai kwa nguvu kitu ambacho ameshakubali kuwa ni kibovu?

Kwa hiyo nataja ninachodai. Nyimbo zitolewe kutoka kwenye utepe wa asili, si kutoka nakala ya nakala. Zitolewe katika ubora usiobanwa, ziweze kununuliwa na Mtanzania kwa bei ya Mtanzania. Kila wimbo uwe na mwaka wake na majina ya wote waliopiga, kuanzia mwimbaji hadi wa tumba, kwa sababu swali la mama linastahili jibu lililoandikwa. Na wapigaji waliobaki na familia za waliotangulia walipwe, jambo ambalo nchi yenye ofisi ya hakimiliki haina sababu ya kulionea haya.

Na neno zilipendwa tulitazame upya. Kisarufi ni kitenzi cha kutendwa, wakati uliopita: zilipendwa, na walizozipenda wameondoka. Neno hilo limekuwa kama muhuri wa kufungia jalada. Mimi Neema naipenda sasa hivi, kwa wakati uliopo, na naipenda zaidi tangu nilipojua kwamba ndani yake kuna mtu niliyekuwa simsikii.

Gurumo alifariki mwaka 2014. Remmy 2010. Kasheba 2004. Marijani Rajab 1995. Walioshika magitaa ya nyuma yao wanaondoka bila hata tangazo, na utepe nao unazeeka: gundi inayoshika sumaku huachia, na kinachodondoka hakirudi. Hatuna miaka mingine hamsini ya kusema kwa huruma kwamba ulirekodiwa vibaya.

Basi nakupa kazi, wewe unayebisha. Chagua wimbo mmoja wa dansi unaodhani unaujua. Tafuta nakala safi kuliko zote unazoweza kuipata. Weka sabufa pembeni, punguza sauti, zima taa kama ikibidi. Usimfuate mwimbaji. Mfuate mpiga besi peke yake, mwanzo hadi mwisho, na usimwache anaponyamaza. Halafu urudie wimbo, safari hii ukimfuata wa gitaa la pili.

Ukimaliza, njoo tubishane.